Mti-Kangaga wa Taita: Kutoka Ua wa Voi hadi Msitu wa Ngangao



Wasomaji wapenzi, leo ninawaomba mfuatane nami safari fupi, isiyopita mipaka ya Kaunti ya Taita Taveta. Ilianzia katika ua wa nyumba moja mjini Voi, ikapanda mlima hadi penye ukungu, kisha ikarejea kwenye ua ule ule. Chanzo chake ni mti mmoja uliokufa, na ninakiri mapema kwamba nina sehemu yangu katika kifo hicho.

Mwaka juzi binti yangu aliolewa Voi. Sisi ni watu wa Mji wa Kale, Mombasa, ambako nyumba zimesongamana, majirani husalimiana dirisha kwa dirisha, na upepo wa bahari hauhitaji ruhusa ya kuingia ndani. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilipanda treni ya Madaraka Express kutoka Miritini. Kadiri tulivyoiacha pwani ndivyo minazi ilivyopungua, kisha ikatoweka, na nyika ikatanda kushoto na kulia: vichaka vya miiba, udongo mwekundu, mibuyu hapa na pale. Nyumba ya binti yangu niliikuta safi na yenye nafasi kuliko nyumba yoyote aliyowahi kuishi. Lakini uani hapakuwa na kitu ila mchanga mwekundu, tangi la maji, na kamba ya kuanikia nguo. Tulipokuwa tukinywa chai aliniambia kwa sauti ya chini, “Mama, huku hakuna hata jani la kutazama.”

Mama yeyote anayesoma maneno haya anajua yanavyochoma. Nilijua hakuwa akizungumzia majani peke yake. Hata hivyo, nilishika lile nililoweza kulitatua, nikaazimia kumpatia jani la kutazama.

Siku mbili baadaye tulikwenda Mwatate kwa shughuli za ndugu wa mkwe wangu. Kando ya barabara tukamwona kijana amesimamisha vigogo vitatu vyeusi, vyenye manyoya ya mizizi, kila kimoja kimevikwa taji la majani marefu yaliyochanika vipande vidogo vidogo kama kazi ya uzi. Wazee wa Pwani wanaijua kangaga, ile inayoota penye majimaji na juu ya mashina ya minazi. Basi hii ilikuwa kangaga iliyosimama ikawa mti. Sikupata kuona kitu kizuri kama kile. Kijana akaniambia kuwa ni rahisi kuupanda: “Chimba shimo, ukisimamishe, umwagie maji. Utachipua wenyewe.” Nikalipa bei ambayo nisingependa mume wangu aisome hapa, tukaufunga juu ya gari, na jioni ile ile mti-kangaga ukasimama katika ua wa binti yangu kama malkia aliyefika ugenini.

Kwa miezi mitatu nilipouliza kwa simu nilijibiwa, “Uko salama, Mama.” Nilipokwenda tena sikuuona uani. Niliukuta nyuma ya tangi, majani yote yamekuwa rangi ya kahawia, na shina limefunikwa khanga kuukuu ili lisichomwe na jua. Mwanangu alikuwa akiumwagilia asubuhi na jioni, na maji ya Voi hayatoki kila siku. Alitazama chini, akasema, “Kila ninachokipanda huku hufa. Labda mkono wangu ndio wenye mkosi.”

Nilimwambia asiseme hivyo, kwani mikosi si katika imani yetu. Lakini maneno hayakutosha, kwa sababu sikuwa na jibu la swali lililobaki: kama si mkono wake, basi mti ule ulikufa kwa nini?

Jibu tulilipata kwa jirani. Nyumba ya pili kutoka kwa binti yangu anakaa mama mmoja Mtaita, mzaliwa wa sehemu za Wundanyi. Alipokuja kunisalimia aliliona lile shina, akasikitika. “Mti huu hauwezi kuishi hapa,” alisema, “hata ungeumwagilia Mto Voi mzima. Jumamosi ninakwenda kwa mama yangu. Njooni nanyi, mkaone unakoishi.”

Tuliondoka Voi baada ya sala ya alfajiri. Voi iko kiasi cha mita 600 juu ya usawa wa bahari, na hata asubuhi mapema joto lake tayari limeamka. Barabara ya Taveta ikatupeleka hadi Mwatate, tukipita mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari hadi macho yanapokoma. Mwatate tukaacha barabara kuu, tukaanza kupanda. Gari lilizunguka kona baada ya kona, masikio yakaziba na kuzibuka. Mashamba yakaanza kuning'inia kwenye miteremko, yamekatwa matuta kwa matuta: mahindi, migomba, sukumawiki, miparachichi. Tulipofika Wundanyi, binti yangu aliomba shali. Ndani ya safari ya muda mfupi tulikuwa tumetoka nchi ya miiba na kuingia nchi ya sweta.

Jirani yetu akatueleza jambo ambalo mimi, mtoto wa pwani, sikupata kulifikiria. Vilima vya Taita ndivyo ncha ya kaskazini ya safu ya milima mikongwe inayoitwa Tao la Mashariki, inayoshuka kupitia Pare na Usambara hadi Udzungwa, kusini mwa Tanzania. Milima hii husimama mbele ya pepo zinazotoka Bahari ya Hindi. Hewa yenye unyevu inapokutana na mlima hulazimika kupanda; ikipanda hupoa; ikipoa hugeuka mawingu, ukungu na mvua. Nyika iliyo chini hubaki kavu, na vilele hubaki vimelowa. Ndiyo maana Voi hupata mvua chache sana ikilinganishwa na vilima anavyoviona kila siku mtu aliyesimama uani kwake.

“Basi ukungu huu ni wa kwetu,” binti yangu alisema, akitazama wingu lililokuwa limekaa juu ya mlima. “Umetoka baharini.”

“Umetoka kwenu,” jirani akamjibu. “Na ukiisha hapa unashuka kwetu sote. Mto Voi unaanzia milima hii.”

Kilomita chache kutoka Wundanyi uko msitu wa Ngangao, juu ya mita 1,700. Tulipata ruhusa ya kuingia na mzee wa kutuongoza. Ngangao si msitu mkubwa. Ni zaidi kidogo ya hekta 100, umezungukwa na mashamba na miti ya kupandwa ya misonobari na mikaratusi. Lakini ukishaingia ndani, unasahau kama kuna shamba nje. Hapana vumbi. Kila shina limevaa kuvumwani, matone hudondoka hata pasipo mvua, na miguu hukanyaga majani yaliyooza yakawa laini kama godoro. Mzee alitutaka tunyamaze tusikilize ndege. Wapo wawili, mmoja wa jamii ya kurumbiza na mwingine mdogo wa kijivu, ambao makao yao ni vilima hivi peke yake. Wakitoweka hapa wametoweka duniani.

Tuliteremka hadi kwenye bonde lenye kijito, na hapo tukaiona. Miti-kangaga ilisimama kando ya maji, mingine mifupi kama mtoto, mingine imetupita mara tatu. Makuti yake yalitandazwa juu kama mwavuli, kila moja refu kuliko mtu mzima, na katikati ya taji machipukizi mapya yalikuwa yamejikunja kama konokono. Mwanga uliopita katika majani yale ulifika chini ukiwa wa kijani. Binti yangu alisimama pale kwa muda mrefu bila kusema neno.

Mzee yule aliufahamu mti kama mtu anavyomfahamu jamaa yake. Wataalamu huuita Cyathea manniana, na wengine sasa huuandika Alsophila manniana. Alitueleza kwanza kwamba hili si shina la mti kama shina la mwembe. Mwembe una gome, na chini ya gome kuna tabaka linaloongeza unene mwaka hata mwaka. Shina la mti-kangaga halina hayo. Ni nguzo iliyobeba taji, na manyoya yale meusi tuliyoyaona ni mizizi midogo inayoshuka na kuizunguka. Kwa mizizi hiyo mti hunywa unyevu wa ukungu kwa urefu wote wa mwili wake. Mtu anayemwaga maji chini tu, penye shimo, huku shina likichomwa na jua na upepo mkavu, anamnywesha mgonjwa miguuni.

Pili, mti huu una chipukizi moja tu la uhai, lililo juu kabisa, katikati ya taji. Hauna matawi wala macho ya akiba. Chipukizi hilo likikatwa, likioza au likikauka, mti umekwisha, sawasawa na mnazi ulioliwa moyo na chonga.

Tatu, hauchanui wala hauzai tunda. Ukigeuza jani lake utaona nukta za kahawia zilizopangwa kwa utaratibu wa ajabu. Ndani yake mna vumbi laini mno, ambalo wataalamu huliita spora. Vumbi hilo hupeperushwa na upepo, na chembe iliyobahatika kuangukia mahali penye unyevu huota kitu kidogo cha kijani, chembamba kama ngozi ya kitunguu, chenye umbo la moyo. Juu ya kimoyo hicho ndipo uzazi hufanyika, na haufanyiki pasipo utando wa maji. Kutoka hapo huchipua kangaga ndogo kama ukucha. Miaka mingi hupita kabla shina halijaanza kuonekana. Njia hii ya uzazi ni ya kale kuliko ua la kwanza lililopata kufunguka duniani.

Hapo binti yangu akatoa simu, akamwonyesha mzee picha ya mti wetu siku ulipopandwa. Mzee aliitazama, akaikuza kwa vidole viwili, akamrudishia. “Huu haukung'olewa na mizizi yake,” alisema. “Umekatwa kwa msumeno hapa chini. Ulikuwa maiti tangu siku mliyoununua. Majani yalikuwa yakimaliza maji yaliyobaki ndani.”

Kisha akatufumbulia chanzo cha uongo ule, ambao pengine hata muuzaji aliuamini. Iko jamii nyingine ya miti-kangaga, Dicksonia antarctica ya Australia, ambayo kigogo chake kikikatwa na kupandwa tena huweza kuotesha mizizi mipya na kuendelea kuishi. Vigogo vya namna hiyo huuzwa mpaka Uingereza, ambako watu wameipenda kangaga tangu karne ya 19. Maelekezo yake yameenea kila mahali, na msomaji wa simu huyachukua kana kwamba yanahusu kila mti unaofanana na huo. Lakini Cyathea ya kwetu haiwi hivyo. Ikikatwa mizizi yake ya chini, kwa kawaida hufa.

Nilitazama pembeni. Kwa muda wote ule nilikuwa nikijiona mama aliyedanganywa na mfanyabiashara. Sasa niliona kwamba fedha yangu ndiyo iliyoulipa msumeno. Mahali fulani katika bonde kama lile, kando ya kijito, palibaki kisiki kwa ajili ya zawadi yangu, na mwanangu alibebeshwa lawama ya kifo ambacho hakukisababisha. Nilimwambia pale pale, mbele ya mzee na jirani, “Mwanangu, si mkono wako. Ni mkoba wangu.” Alicheka, nami nikacheka, ingawa si kwamba moyo wangu ulikuwa mwepesi.

Mzee hakunilaumu. Alinieleza tu hesabu ya vilima vyao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, wenye kituo chao hapo Wundanyi, walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani, wakaona kwamba kati ya mwaka 1955 na mwaka 2004 nusu ya misitu ya asili ya vilima hivi ilipotea. Kilichobaki ni vipande: Ngangao, Mbololo, Chawia na vingine vidogo zaidi, kila kimoja kama kisiwa katikati ya mashamba. Zamani Wadawida walikuwa na vichaka vyao vitakatifu vilivyoitwa fighi, ambavyo mtu hakuthubutu kukata mti ndani yake, kama Wamijikenda walivyozilinda kaya zao. Leo ulinzi huo umebaki kwa sheria na kwa dhamiri. Sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2016 hairuhusu mtu kutoa mmea katika msitu wa umma bila idhini. Nao mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ule uliotiwa saini Washington mwaka 1973, umeiweka miti ya jamii ya Cyathea miongoni mwa mimea ambayo haivuki mpaka bila kibali.

Kwa sisi wanunuzi somo ni fupi. Mti-kangaga ukiuzwa barabarani, kigogo kikubwa kisicho na chungu wala donge la mizizi, usinunue. Uliza umeoteshwa katika kitalu gani. Muuzaji akishindwa kujibu, hilo nalo ni jibu. Mali ya msitu ni amana, na aliyepokea kilichochukuliwa kwa hiyana hawezi kusema hakuhusika kwa kuwa alitoa fedha zake halali.

Mchana tuliswali kwenye baraza ya mama wa jirani yetu, bibi mwenye shamba dogo kwenye mteremko, ambalo chini yake hupita kijito. Kando ya kijito hicho amesimama mti-kangaga mmoja, ambao yeye aliukuta mdogo alipoolewa, na leo unalifunika paa la banda la mbuzi. Hakupata kuusomea. Anautunza tu, na kwa utunzaji wake nimeandika yafuatayo kwa ajili ya wasomaji wetu wanaoishi penye baridi na ukungu, iwe ni Wundanyi, Werugha, Limuru, Kericho au Lushoto.

Mahali ni nusu ya kazi. Mti-kangaga hutaka kivuli chepesi, chini ya miti mirefu au upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana. Upepo ni adui yake kuliko jua, maana hukausha machipukizi kabla hayajakunjuka. Palipo na ukuta, ua wa michai au migomba ya kuzuia upepo, hapo panafaa.

Udongo uwe mweusi, wenye mboji na majani yaliyooza, unaoshika unyevu lakini usiotuama maji. Udongo wenye chokaa haufai. Mche wa kitalu upandwe kwa kina kile kile ulichokuwa nacho chunguni, na taji lisifukiwe kamwe. Kisha tandaza majani makavu kuzunguka, ukiacha nafasi ndogo karibu na shina.

Maji yaanzie juu. Wakati wa ukame, kati ya vuli na masika, bibi huyo humwagia shina lote kwa kopo asubuhi, polepole, mpaka manyoya ya mizizi yalowe. Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Mbolea awekayo ni mboji pekee, mara moja masika yanapoanza. Samadi mbichi huchoma mizizi.

Majani yaliyokauka huyaacha yaning'inie. Watu wa mjini hupenda kuyakata ili mti uonekane nadhifu, lakini yale ni vazi la shina, huzuia jua na kuhifadhi unyevu. Likianguka lenyewe, liache chini liwe matandazo. Kama ni lazima kulikata, vaa mikono mirefu na ujifunge kitambaa puani, kwani vikonyo vyake vina miiba, na magamba yake membamba huwasha ngozi na macho. Watoto wasichezee chini yake unapofanya kazi hiyo.

Nikamuuliza bibi kama mti mmoja unaweza kuzaa mwingine bila kuenda msituni. Alikata kipande cha jani lililokomaa, akakifunga ndani ya karatasi nyeupe, akampa binti yangu. Kesho yake, tulipokifungua Voi, karatasi ilikuwa imepakwa vumbi la kahawia, laini kama hina iliyochekechwa. Tulifuata maelekezo: kikopo cha aiskrimu chenye mfuniko unaopitisha mwanga, udongo wa mboji uliomwagiwa maji yanayochemka kuua vijidudu kisha ukaachwa upoe, vumbi likanyunyizwa juu bila kufukiwa, mfuniko ukafungwa. Kikopo kikarudishwa Wundanyi na jirani, kikawekwa dirishani kwa bibi, penye mwanga pasipo jua, kikinyunyiziwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Wiki nyingi hapakuwa na kitu. Kisha udongo ukawa kama umepakwa rangi ya kijani. Mwezi uliopita nilipelekewa picha: vimoyo vidogo, zaidi ya ninavyoweza kuhesabu, na katika viwili au vitatu kijani kimeanza kusimama.

Huko ndiko vitakakokulia. Hatutavileta Voi, wala Mombasa. Nimewasikia wenzangu wakisema wataujaribu mti huu kwenye veranda zao Nyali au Bamburi. Ninawaomba wasijisumbue. Joto letu la usiku, udongo wetu wa matumbawe na maji ya visima yenye chumvi havipatani nao. Sisi tunazo kangaga zetu, zile zinazojishikiza kwenye minazi na kwenye kuta za mawe za zamani, ambazo tumezizoea hata hatuzioni tena. Zitie kwenye chungu chenye mboji, penye kivuli karibu na birika la kutawadhia, utaona zitakavyokushukuru.

Na kama unataka ushahidi kwamba mmea wa milima hii unaweza kupendwa bila kuharibiwa msitu, tazama ile violeti ya Afrika, ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Asili yake ni milima yetu hii hii ya Tao la Mashariki. Mjerumani mmoja aliyekuwa Tanga aliipeleka kwao mwishoni mwa karne ya 19. Leo inaoteshwa kwa mamilioni kutokana na majani na mbegu za vitaluni, na hakuna anayehitaji kupanda mlima kuing'oa. Aina moja ya ua hilo huota Mbololo tu, karibu na Voi, na pengine popote pengine duniani haioti yenyewe.

Sasa niurejee ule ua nilioanza nao. Kwa ushauri wa jirani, binti yangu amepanda vinavyolijua joto la Voi: mwarobaini mmoja upande wa magharibi utakaomletea kivuli cha alasiri, mkomamanga mlangoni, na asumini kwenye ukuta wa matofali. Penye bomba la kutawadhia mkwe wangu amechimba mfereji mdogo, ili maji ambayo yangepotea mchangani yaende kwenye mashina. Maji ya udhu hayana sabuni, na tumefunzwa tusiyafuje hata tukiwa kando ya mto. Lile shina jeusi hakulitupa. Limelala kando ya ukuta, na juu yake pamepangwa vyungu vitatu vya rihani.

Kila mwezi mmoja hupanda Wundanyi na jirani yake kuvitazama vimoyo vyao. Bibi humwita “mjukuu wa baharini”, na humrudisha na parachichi zaidi ya anazoweza kubeba. Nilipompigia simu wiki iliyopita alinikatiza katikati ya salamu. “Mama,” alisema, “niko uani. Wingu limekaa juu ya mlima tangu asubuhi. Bahari leo imetutembelea.”

Tulizungumza kidogo, kisha akaniaga, maana asumini yake ilikuwa inataka maji kabla jua halijapanda.